Meza Iliyogoma Kutoka

Alhamisi usiku

Meza ya mwanangu Masanja, ya kuwaandalia uani wakwe wa binti yangu Kabula, imekwisha, ikagoma kutoka mlangoni! Nimechoka, mgongo unalia, lakini niandike.

Mvua ndiyo ilimfanya mwanangu aiunge ndani, kwa mbao zilizopasuliwa tu, zimejaa vibanzi. Haina hata msumari. Ameiunga kwa kuchonga na kugongea, kama alivyokuwa akiunga magogo ya kuzuia duara, yaani shimo la wachimbaji, lisibomoke kule machimboni. Fundi gani wa hapa Kambarage anaweza hivyo? Hayupo.

Leo tumeilaza, tumeisimamisha. Wapi! Baba yake akachukua msumeno. "Ikatwe katikati."

Mama Kulwa, jirani yetu, akacheka. "Kwa hiyo wakwe wa Kabula watakula kwa zamu kwenye nusu meza?"

Masanja hakucheka. "Kata tu, baba. Mimi nirudi zangu duarani."

Duara hilo lilishamfukia mwenzake.

Nikashika sururu, nikaanza kubomoa ukuta kando ya mlango.

"We mwanamke, una wazimu?" baba yake Masanja akafoka.

"Matofali haya niliyafyatua mwenyewe. Nitafyatua mengine."

Masanja akaninyang'anya sururu, akasimika nguzo mbili, akalaza gogo juu, nyumba isituangukie. Jioni meza ikatoka. Akaanza kupima mbao za mlango mpana, hata chai hakutaka.

Upepo unaingia hadi kitandani, na mvua naiogopa. Lakini meza iko uani, mwanangu yuko nyumbani. Wakwe waje tu, ukoo mzima, Jumamosi.