Meseji Iliyoniingiza Kwenye Mpunga

Mujukuu wa kaka yangu, Divine,

Huku Kinama tuko wazima. Bibi yako amenenepa, mi bado kijana. Unauliza kama dereva hodari anaweza kuandika meseji akiendesha. Wakati wa vita hakuna dereva aliyenishinda Bujumbura nzima, tena nilikuwa na simu! Siku napeleka pombe ya posa kwa kina bibi yako, Buterere, nikamwandikia: "Nafika, mupenzi." Gari likaingia kwenye mpunga, vyura wakanywa posa yangu. Hatua moja mbele ya bampa kasimama baba yake, jembe mkononi.

"We mukwe, ungeniua, nani angekupa muke?"

Nikashuka kwenye matope, nikaomba musamaha. Alinipa binti kwa sharti moja: nikiwa kwenye usukani, simu inashikwa na muke. Mpaka leo anaishika, na meseji zote anazisoma.

Yako inashikwa na nani?

Babu yako akupendaye,
Salvatori