Nukta Baada ya B

Abu Hamour, Doha
14 Septemba 2008

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani Keroka. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba dawa unazimeza wala huzifichi chini ya mto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nimehama Najma, tulikokuwa wanawake sita katika chumba kimoja. Milcah, yule muuguzi wa Kapsabet ninayesali naye, alisikia kwamba kuna mama wa chuo kikuu anayetafuta mtu wa kumtunzia nyumba, tena anataka Mkisii. Nilidhani ni mzaha. Nilipofika mlangoni mama huyo akaniamkia kwa Kisii, "Bwakire!" Nikageuka nyuma kutazama kama kuna Mkisii mwingine.

Anaitwa Profesa Nuala Garrihy, mwanahistoria. Si Mwingereza. Nilimwita hivyo siku ya pili, nikapewa somo la saa nzima. Ni mtu wa Ayalandi. Alizaliwa kwenye shamba dogo la viazi na ng'ombe watano, mvua kila siku, watoto tisa, na ndiye wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Alikuja Kenya akiwa msichana kufanya utafiti, akafundisha Nairobi, halafu Nigeria, halafu Australia, na huu ni mwaka wake wa tatu hapa. Hakuolewa. Nyumba nzima ni vitabu na masanduku ya kadi, kila kadi na tarehe yake.

Aliponikuta nikiandika shajara yangu aliuliza, "Nani alikufundisha kuanza na tarehe?"

"Baba yangu."

"Mpe asante zangu. Wanafunzi wangu wa digrii bado hawajaweza."

Kwa hiyo nakupa asante zake. Ananiita Kwamboka, maana ndilo jina lililo kwenye pasipoti. Damaris nimewaachia ninyi.

Nashukuru, Baba. Nina chumba changu, chenye dirisha.

Binti yako,
Damaris


Keroka
2 Novemba 2008

Kwa binti yangu Damaris,

Salamu zetu zikufikie ukiwa na afya. Goti langu liko vile lilivyo. Mama yako anasema ule samaki, asije akakuona kwenye picha umekonda.

Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikaenda kukaa shambani. Huyo mama alikuwa na pikipiki nyekundu. Mwulize kama huniamini. Lakini afadhali usimwulize.

Mwaka 1976 nilifanya naye kazi miezi kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Nilikaa nyuma ya pikipiki nimekumbatia kinasa sauti kama mtoto, tukaenda kwa wazee wa koo za Kitutu na Nyaribari mmoja baada ya mwingine. Jioni niliandika yote waliyosema, ndiyo maana nyumbani kuna lile sanduku la bati ulilokatazwa kuligusa. Ndani yake mna daftari kumi na nne.

Mwaka 1983 mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na kitabu alichoandika huyo mama. Alinipa nikishike wakati wa chai tu, kwa sababu kilikuwa cha maktaba. Sikuwa na muda wa kukisoma, kwa hiyo nilifungua nyuma, kwenye orodha ya majina. Nilitafuta herufi O, kwa Onsongo. Nikatafuta Z, kwa Zablon. Sikuwemo. Chifu yumo, hata pikipiki imo! Nikarudisha kitabu, nikamaliza chai.

Mfanyie kazi vizuri, maana wewe ni mtoto wangu. Lakini usimwambie wewe ni wa nani. Nakuomba hilo moja.

Ni mimi,
Baba yako


Abu Hamour, Doha
9 Oktoba 2011

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, na Mama pia. Nilifurahi kusikia kwamba mvua imekuja kwa wakati na chai inachumwa. Mimi sina ugonjwa wowote. Lakini barua hii nimeichelewesha siku tisa kwa woga.

Kwa miaka mitatu nimeshika neno lako. Katika barua zote nilizokutumia sikumtaja Profesa, na kwake sikukutaja wewe. Sasa nimelivunja, na nakueleza jinsi lilivyovunjika ili unihukumu ukijua yote.

Macho ya Profesa yamepungua sana. Mwezi wa sita mwakani anastaafu na kurudi kwao. Kabla ya hapo anataka kile kitabu chake cha Kisii kichapishwe upya, na lazima kifike kwa wachapishaji mwisho wa Machi. Mimi ndiye macho yake. Tarehe 30 Septemba, ilikuwa Ijumaa baada ya kanisa, maana hapa tunasali Ijumaa, aliniomba nimsomee orodha ya majina iliyo nyuma ya kitabu, herufi kwa herufi, ili asahihishe.

Baba, ulitafuta O ukatafuta Z. Hukutafuta D. Nilisoma, "Damaris, B., ukurasa wa saba, wa kumi na tisa, wa ishirini na mbili..." Kurasa arobaini na moja! Hakuna mtu mwingine mwenye nyingi hivyo. Hata chifu ana tatu.

Nikarudia mstari ule kimoyomoyo. Akasema, "Umelala, Kwamboka?"

"Profesa, huyu Damaris B. ni nani?"

"Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni walinipa digrii tu."

"Na hiyo B ni ya nini?"

Alivua miwani. "Ni ya Baba. Kila mtu alimwita Baba Damaris, na chifu alinitambulisha kwake kwa jina hilo. Kwenye kadi zangu nilifupisha, B. Damaris. Mpiga chapa akaongeza Bwana mbele yake, nami nilikuwa Nigeria, sikuona mpaka kitabu kimetoka. Nikaandika barua: Bwana B. Damaris, Keroka. Ilirudi. Nikaandika nyingine, nayo ikarudi. Nilikula nyumbani kwa mtu yule miezi kumi na mmoja, Kwamboka, na sikumwuliza jina lake. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali! Kila nchi niliyokwenda nimetafuta Mkisii wa kumwuliza, na kila Mkisii ananiambia akina Baba Damaris ni wengi kuliko migomba."

Nilijaribu kukumbuka ulichoniomba, Baba. Kweli nilijaribu.

"Profesa," nikasema, "pasipoti yangu imeacha jina moja. Mimi ndiye Damaris."

Alinyoosha mkono akanigusa uso, taratibu, maana haoni vizuri. Kisha akasema kwa Kisii chake cha zamani kwamba alikuwa akinibeba nilipoota meno, na kwamba niliuma kamba ya kinasa sauti.

Sasa ombi lake. Kanda zote ziliharibiwa na unyevu miaka mingi iliyopita. Maneno ya wazee hayapo tena popote isipokuwa kwenye sanduku lako la bati. Hadai, anaomba. Na hata usipotoa daftari, jina lako atalisahihisha. Nimefunga humu karatasi yenye mstari mmoja mtupu. Anataka uandike jina lako kwa mkono wako mwenyewe, jinsi unavyotaka lisomeke, asije akakosea mara ya pili.

Nisamehe, Baba. Sikuweza kusoma jina langu kisha nikapita.

Binti yako,
Damaris


Ujumbe wa simu, 18 Desemba 2011
Baba, habari za siku? Mama anasema barua ilifika. Umeisoma? Damaris.

Ujumbe wa simu, 18 Desemba 2011
Nimeisoma. Nafikiri. Baba.

Ujumbe wa simu, 5 Februari 2012
Baba, shikamoo nyingi. Mwisho wa Machi unakaribia. Njenga wa Kiambu, dereva wa hapa chuoni, yuko likizo na atarudi Doha tarehe 24. Anaweza kupitia Keroka. Sikulazimishi. Damaris.


Keroka
19 Februari 2012

Kwa binti yangu Damaris,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tuko wazima, hata goti. Njenga amefika, amekula, na sasa anamwambia mama yako kwamba ugali wa Wakisii ni mgumu kama tofali. Anajibiwa inavyostahili. Naandika haraka.

Hukukosea. Hilo liwe la kwanza.

Umengoja miezi minne kwa sababu kwanza nilifikiri, kisha nikasoma. Nilifungua sanduku siku ya Krismasi nikaanza daftari la kwanza, nikimaliza moja naingia jingine, mpaka la kumi na nne. Nilitaka kuona kazi niliyonyimwa jina. Na nimeona jambo. Kurasa zaidi ya mia sita, kila siku na tarehe yake, kila mzee na ukoo wake. Na yeye je? "Bibi ameuliza." "Bibi amechoka." "Bibi ameanguka na pikipiki, hakuumia." Jina la Nuala Garrihy halimo hata mara moja. Nililijua, sikuliandika. Nimemnunia mtu miaka ishirini na minane kwa kosa ambalo nami nililifanya mara mia sita.

Kwa hiyo nimenunua kalamu mpya. Juu ya kila daftari nimeandika jina lake lote, nikiangalia barua yako ili nisikosee herufi. Daftari zote kumi na nne zinakuja na Njenga. Mwambie Profesa namshukuru kwa kurasa arobaini na moja, na kwa barua mbili zilizorudi. Mwambie tena kwamba namshukuru kwa kukupa chumba chenye dirisha.

Sasa lile jina. Mwaka 1974, kabla hujazaliwa, pasta alinituma kwa Mzee Nyabuto nikaulize habari za zamani za kanisa. Mzee akaniuliza, "Wewe ni baba wa nani?" Nikasema bado. Akasema, "Basi rudi ukishakuwa mtu mzima," akaendelea kukoroga uji wake. Miaka miwili baadaye nilirudi na huyu mzungu wa pikipiki. Mzee akaniuliza lile lile. Nikasema, "Mimi ni Baba Damaris." Akasogea kwenye benchi, akatupa nafasi. Alizungumza siku tatu. Wote walikuwa hivyo. Hakuna mzee hata mmoja aliyemwambia Zablon Onsongo lolote, Damaris. Wewe ulikuwa na miezi sita, hujui kitu, na ndiwe uliyetufungulia milango.

Nimeijaza ile karatasi. Mama yako ameona akacheka, lakini msomee Profesa kama ilivyo: Baba Damaris. Hakukosea jina. Alikosea nukta. Aiondoe, aandike Baba kwa ukamilifu, na mpiga chapa asinitilie Bwana.

Kwenye orodha ya nyuma aniweke herufi B. Kitabu kikifika, nitaanzia hapo.

Ni mimi,
Baba Damaris