Vazi la Vita la Felista

Kiwalani, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Je, kile kikohozi kimekuacha? Huku kwa Mjomba tunakula na kulala salama, ila nina wivu, Mama, na kwako siufichi.

Vijana wa tawi letu la chama hapa mtaani walitunga mchezo wa kuigiza kuhusu ufalme wa kale wenye ngome ya mawe. Joka la vichwa saba linamaliza watu, mwana wa mfalme anaogopa, basi dada yake ananyoa nywele, anachukua upanga na kwenda mwenyewe. Nafasi ile ya dada niliitaka mpaka chakula kikanishinda. Mjomba akakataa katakata: "Wewe umeshachezwa unyago. Binti aliyechezwa hapandi jukwaani kurusha miguu mbele ya wanaume." Akapewa Felista, binti wa karani jirani yetu, watu wa bara wasiocheza unyago. Baba yake alicheka tu, akasema, "Mwacheni apigane."

Mimi nikapewa sindano, nishone vazi la vita la gunia na kulijaza vifuniko vya soda. Kila jioni nilishona nikimsikia Felista akikosea maneno ambayo mimi niliyajua yote. Ndipo nikafanya ubaya. Nikalibana makwapani, makusudi, asiweze kuinua upanga.

Siku yenyewe uwanja ulijaa, hata wachinjaji wa Vingunguti walikuja. Joka likatokea, Felista akavuta mkono ainue upanga, haukwenda. Watu wakaanza kuguna. Nilifurahi, Mama, Mungu anisamehe. Mara akalishika gunia kifuani, akalirarua, akalitupa chini, akabaki na gauni lake la kila siku. "Nitapigana hivi hivi nilivyo," akasema. Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo. Watu walisimama wote. Mjomba naye alipiga makofi, huyo huyo Mjomba.

Baadaye Felista akanikumbatia mbele ya wenzetu. "Zuhura, we mjanja kweli. Ulibana ili nilirarue, eh? Mie peke yangu nisingewaza."

Wakanisifu, nami nikazipokea sifa zile.

Nisalimie kungwi wangu, na kaka pale kwenye vinyago vyake. Mchezo unarudiwa Pugu wiki ijayo. Felista ameniletea gunia jipya, ameniomba nilibane vilevile, na nimeshaanza kushona.

Ni mimi binti yako,
Zuhura