Sombe bila ndagala

Hidaya, niko shambani mpaka alasiri. Majani ya muhogo nimetwanga, sombe iko ku moto, ongeza mawese na chumvi tu. Leo haina ndagala, hata kinu nilikisugua kwanza.

Asubuhi ulinikuta natia unga wa ndagala, vile visamaki vikavu, mu chungu yako, ukalia. Ndiyo, miezi tatu, tangu uache nyama na samaki, nilikuwa nakudanganya.

Nakuandikia ku karatasi sababu ku telefone unakata sauti yangu katikati. Lakini zile video zako za kuku wanaofungiwa, niliangalia zote. ~~Ni mambo ya Wazungu.~~ Zinaumiza.

Wewe ulikuwa haujazaliwa wakati bwaki, ugonjwa ya kukosa nyama na samaki, ilibeba dada yako Amisa ku kaburi, miguu imevimba. Nilikuwa namupa sombe tupu, hatukuwa na kingine. Alikuwa anamaliza sahani, ananiambia ni tamu.

Mama yako