Maneno ya Ufukoni Niliyomfundisha Salomon

Mpendwa Mama Virginie, naomba unisaidie kabla mbuzi wa watu hawajatoka zizini, maana wakishatoka sitakuwa tena na mdomo wa kusema.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Butembo, commune ya Bulengera, nina miaka arobaini na sita, ni shemasi kanisani, na bahari sijawahi kuiona, maji makubwa kuliko yote niliyoyaona ni ziwa pale Kyavinyonge, lakini nina kamusi moja nene niliyoinunua Kampala ambayo inaeleza kila neno lilizaliwa wapi, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Kati ya wanafunzi wangu alikuwepo kijana mmoja, Salomon, mtoto wa Mama Kavuo, familia iliyokimbia vita upande wa Oicha ikaacha kakao yake kule, na huyo Salomon ndiye peke yake darasani aliyeuliza neno limetoka wapi, wengine wote walitaka tu kujua kama litakuwa kwenye mtihani, basi nikampenda. Mwaka juzi alimwambia mama yake anakwenda Kampala kusoma, tukamwombea, akaenda.

Kumbe hakukaa Kampala. Mwanzo wa mwaka huu alianza kunitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa nambari yake ileile ya Uganda, na wa kwanza ulisema: «Mwalimu, niko huku Ufaransa, pembeni ya bahari. Mama hapana jua. Usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe nikifika.» Nami sikumuuliza akifika wapi, kwa sababu papo hapo aliendelea: «Huku tuko na batu ba Afghanistan na Soudan, tunaongea Kiingereza tu. Ile mahali ya muchanga banaiita beach. Hiyo neno ilitoka wapi?»

Mama Virginie, nilifurahi. Nilifungua kamusi na kumjibu kwa urefu kwamba beach asili yake hata wenye kamusi hawana hakika nayo, ila zamani watu waliita hivyo mawe madogo yaliyosuguliwa na mawimbi, wala si mahali penyewe. Kesho yake akataka shore, nikamwambia wataalamu wengi wanadhani ni ndugu wa neno la kukata, yaani pale ambapo nchi inakatwa. Akataka strand, nikamweleza ni jina la kale la ufuko, na kwamba kutoka humo walipata neno la chombo kilichokwama mchangani, na leo wanalitumia hata kwa mtu aliyeachwa njiani hana pa kwenda, na yeye akacheka akasema, «Basi hiyo njo sisi,» yaani hao ndio sisi. Akataka ebb, maji yanaporudi nyuma, nikamwambia mzizi wake uko karibu na kuondoka, kwenda mbali. Nilikuwa naandaa majibu yale vizuri kuliko nilivyoandaa masomo ya darasani, mke wangu Débora ni shahidi, aliniambia, «Uyu mutoto anakuuliza sana mambo ya maji, we hapana muuliza anatafuta nini?» na mimi nikamwambia elimu haina sababu.

Ujumbe wa mwisho ulikuja siku ya Jumanne. Alisema, «Mwalimu, mwenye chombo anasema tunangojea tide. Fasiria bien, muzuri.» Nikamtumia dakika nne nzima, Mama, dakika nne, kwamba ni kupanda na kushuka kwa bahari, na kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya wakati tu, saa ya jambo fulani, na bahari ililipata baadaye. Akajibu: «Merci mwalimu. Donc, basi ni saa tu.» Tangu siku ile hajasema kitu. Wiki ileile nilisikia redioni kwamba mashua ya mpira imepinduka kati ya Ufaransa na Uingereza na baadhi ya watu hawakuonekana. Sijui kama alikuwemo. Ni miezi mitano.

Sasa jambo linaloniua ni hili. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Kavuo ananifuata na simu yake, anapiga ile nambari ya Uganda, anaweka sauti kubwa, na yule mwanamke wa mashine anajibu kwa Kiingereza, halafu ananiuliza mimi mwenye Kiingereza, «Mwalimu, anasema nini leo?» Mara ya kwanza niliogopa uso wake nikamwambia, «Anasema Salomon iko occupé, iko na kazi mingi, atakuita.» Tangu hapo nimebuni kila wiki, yuko kwenye mtihani, réseau, yaani mtandao wa simu, ya Kampala ni mbaya, simu inatengenezwa. Jumapili iliyopita alisikiliza mara tatu akasema, «Leo sauti yake iko na huruma kuliko siku zote, hapana ivyo?» nikaitika. Na kwa maneno yangu hayo familia, ikiongozwa na baba mdogo wa Salomon, imepanga kupeleka mbuzi kumi na wawili wa mahari kwa wazazi wa Christa, mchumba wa Salomon, mwezi ujao, ili akirudi akute bibi nyumbani. Je, naweza kungoja ndoa ipite, huenda akapiga? Au niseme sasa, na nitasemaje ili mama huyu asinichukie?

Mwalimu Phinées, Bulengera

Mwalimu Phinées,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na ninakujibu nikiwa bado kwenye hiyo ya pili.

Ulijua kila neno lilizaliwa wapi, lakini hukumuuliza mtoto wa watu analala wapi. Débora alikuuliza, ukamjibu kwa methali ya kujitungia. Sisemi wewe ndiye uliyemtia majini, vita na shamba lililoachwa Oicha vilimsukuma kabla yako, na huenda angepanda chombo hata bila kamusi yako. Usijibebeshe kifo ambacho hata hukijui. Beba kile ulichokifanya, nacho kinatosha: mama alikupa masikio yake, ukamtafsiria uongo majuma ishirini.

Usijifiche nyuma ya ahadi pia. Salomon alikuomba unyamaze mpaka afike. Hajafika.

Sikiliza basi. Usingoje Jumapili. Nenda Jumamosi asubuhi, wala usiende peke yako, kwetu habari kama hii haiingizwi nyumbani na mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Mtafute kwanza baba mdogo wa kijana, mwambie yote, akupeleke yeye, na Débora aende nanyi akae upande wa mama. Mkae chini kabla hujafungua mdomo. Usimwambie mama mwanawe amekufa, maana hujui, na usimwambie yu hai, maana hilo pia hujui. Mwambie siku, mwambie mahali, mwambie ulichosikia redioni. Kisha piga ile nambari mbele yake na kwa mara ya kwanza umtafsirie sawasawa: nambari hii haipatikani. Basi. Yule mwanamke hana huruma wala ukali, ni mashine.

Mbuzi wabaki zizini. Christa aambiwe siku hiyohiyo, yeye mwenyewe, kabla ya wazazi wake, ili asifungishwe ndoa na mtu asiyejulikana aliko. Akitaka kungoja, angoje akijua anangoja nini. Halafu baba mdogo apeleke jina, picha na tarehe kwa Msalaba Mwekundu, wao huwatafuta watu waliopotea njiani, ingawa siwezi kukuahidi jibu jema wala la haraka.

Umeniuliza utasemaje ili asikuchukie. Hilo sina. Huenda atakufukuza, huenda kanisani atakaa upande mwingine maisha yake yote, na wewe utakubali bila kujitetea. Kama atataka kulia, ni haki yake, umemnyima miezi mitano.

Na zile sauti usizifute kwa aibu. Mama Kavuo amekuwa akisikiliza mashine kila Jumapili, na sauti ya mwanawe, anacheka, anauliza, anashukuru, iko mfukoni mwako. Mpelekee.

Mama Virginie