Kikombe cha Maji cha Mama

Jericho, Nairobi
Jumamosi

Mpendwa Baba,

Natumai wewe ni mzima huko Mtito Andei, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la reli kimepungua. Sisi tunaendelea, ila Mama hayuko sawa. Nakuandikia kwa sababu chumba chetu ni kimoja, nikipiga simu atasikia. Mwenzako Bwana Maingi amekubali kukuletea barua hii.

Mwezi uliopita Mama alishikwa na maumivu ubavuni, akajikunja sakafuni. Hospitalini walimpiga picha wakaona jiwe kwenye figo. Daktari alisema ni dogo, litatoka lenyewe akinywa dawa na maji mengi, lita tatu kwa siku. Alisema pia achuje mkojo ili likitoka tulipeleke likapimwe. Nikanunua kichujio kipya cha chai. Alionya kwamba asipokunywa, jiwe linaweza kuziba njia na figo iharibike.

Lakini akina mama wa kanisani wanafunga na kuomba kwa ajili yake kila Jumatano na Ijumaa, bila chakula wala maji, mpaka jiwe litoke. Mama naye anafunga. Nilipomsihi anywe hata kidogo, aliniuliza atakunywaje ilhali Mama Mbithe, kiongozi wao mwenye vidonda vya tumbo, anashinda njaa kwa ajili yake. Jirani yetu Jawahir alimwambia hata kwao Waislamu, mwezi wa Ramadhani, mgonjwa huruhusiwa kula. Mama alicheka, akamwuliza kama anataka kumsilimisha kupitia figo. Siku hiyohiyo, Ijumaa ya kufunga, alitapika, na mkojo ukawa na damu. Kichujio hakikunasa kitu.

Baba, kuna jambo linaloninyima raha. Ni mimi niliyewaomba wamfungie. Sikujua wangeacha hata maji. Nilimwendea Mama Mbithe nikamsihi wasimamishe. Alinipapasa kichwa, akasema imani yangu imeanza vizuri, nisiichoshe. Mama sijamwambia. Yeye huamini ni Mungu aliyewagusa bila kuambiwa na mtu, ndiyo maana hathubutu kunywa.

Wewe atakusikiliza. Tafadhali piga simu Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda sokoni. Ikibidi, mwambie kwamba ni mimi niliyewaomba. Akinikasirikia, na anikasirikie, bora anywe.

Wasalimie wenzako wote kazini. Mama hukutaja kila tunapoomba. Jumatano nitakuwa nimeshamimina maji kikombeni, nimeyaweka kando ya simu.

Binti yako akupendaye,
Awuor