Santuri ya Festo na Mzinga Wako

Kitwe, Zambia

Mdogo wangu Anselmi,

"Kelele zile za gita zilikwisha na mwenye nazo, ndiyo maana nimeitumia santuri kuzibia mzinga wa nyuki." Hivyo ndivyo ulivyoniandikia kuhusu santuri ya marehemu mwanangu Festo. Nitakujibu, lakini kwanza, habari za hapo Inyonga? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi naishi tu. Tangu mwamba umwangukie Festo mle mgodini, nashuka zamu na kupanda, na chakula hakina ladha.

Sasa sikia. Zimekwisha? Nimesoma vitabu vingi, sijaona hata kimoja kinachosema sauti huzikwa na mtu. Jumamosi, ingia ukumbi wowote wa wachimbaji hapa: gita linanguruma kama winchi ya mgodi, ngoma nzito nyuma yake, maneno ya Kibemba. Vijana wa kundi la Festo hawajaiona santuri ile hata siku moja. Walifundishwa na Festo, naye aliisikiliza hapo kwako mpaka akachonga gita la mti wa mninga. Santuri hiyo ndiyo iliyomwita huku migodini. Hilo sikatai, na linanitafuna. Lakini aliyemuua ni mwamba.

Baada ya mazishi walinijia. Mulenga, mpiga ngoma wao, akasema, "Mzee, wimbo wa mwisho wa upande wa pili wa ile santuri hatuujui. Festo alituambia tusubiri akaichukue nyumbani."

"Nitamwandikia mdogo wangu."

"Atakubali kuitoa?"

"Yule ni mrina asali, si mwizi."

Wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nawe unanijibu kwa majivuno kwamba tundu la katikati linapitisha nyuki mmoja mmoja, mfuniko bora kuliko gome! Wewe, Anselmi, unayewakemea wenzako wakigusa vitu vya marehemu kabla msiba haujaondolewa! Bila shaka jua limeshaipinda, nta imejaa kwenye mistari yake. Madukani hapa haipo tena. Wimbo ule hatutausikia. Najua.

Nisalimie mama, shangazi yetu msuka mikeka, na mkeo aliyemlea Festo kama wa tumbo lake.

Nawe kaibandue mzingani. Usiikwangue, usiioshe. Siku ya kugawa vitu vya Festo, iweke mkekani pamoja na shati lake, kisha usimame mbele ya ukoo useme ilikuwa ya nani, na wewe uliifanyia nini.

Kaka yako asiye na mtoto,
Zakayo